Kifaru Hachemki

Jumatatu, 3 Machi

Aibu ya jana bado sijaimeza. Tulialikwa chakula cha mchana kwa dada yangu, tumefika watu wanakunywa chai ya jioni. Njia nzima mshale wa joto wa Kifaru unapanda, unagusa nyekundu. Kila ukigusa nasimama pembeni, nazima injini, nangoja ushuke. Mke wangu alikaa juu ya jiwe na viatu vyake vya kutokea mkononi. Kuanzia kituo cha tatu hakunisemesha tena.

Kifaru ni gari la marehemu Baba. Gari la milimani, la zamani, bati tupu, mlango mmoja unafungwa kwa kamba. Baba aliniachia mimi, hakumwachia dada, na hilo mume wa dada hajalisamehe. Shemeji huyu tunamwita Kiyoyozi, maana tangu anunue gari jipya lenye kiyoyozi hana hadithi nyingine. Ana nyumba ya wageni kwenye barabara kuu. Jana mbele ya watu wote alisema gari kama langu limebakiwa na kazi moja: ling'olewe boneti, lijazwe udongo, lipandwe maua, likae mbele ya nyumba yake wageni wapige nalo picha. Watu walicheka. Hata dada alicheka.

Nami mdomo wangu hauna breki. Nikasema Jumamosi nampeleka Mama kwa mama mdogo, kule juu kilimani, na Kifaru akichemka njiani Kiyoyozi amchukue akapande maua anayotaka. Akanipa mkono palepale. Mama aliniangalia tu, akaendelea kumenya chungwa lake.

Sina wasiwasi. Mimi ni mkaguzi wa mizani. Napita sokoni na buchani kuangalia mizani ya nani imechezewa. Wauza nyama wananiita Bwana Gramu, na wakiniona kwa mbali wanaanza kufutafuta. Vifaa vya kupimia navijua. Kanuni yangu ni kwamba anayeongopa ni binadamu, kifaa hakina sababu ya kuongopa. Mshale ukisema joto, ni joto. Kilichobaki ni kujua linatoka wapi.

Jambo la kutia moyo: mshale wa mafuta, uliomo kwenye kioo hichohicho, ubavuni mwa ule wa joto, umesimama kwenye kujaa. Umepita hata na alama yenyewe. Sikumbuki mara ya mwisho niliweka petroli ya maana. Gari halinywi kabisa! Kiyoyozi na ujanja wake wote hana gari la namna hiyo.

Nimesafisha chini ya kiti. Spana yenye kutu, tambara, miwani ya Baba iliyovunjika mkono, na fimbo nyembamba iliyochongwa alama kwa kisu. Sijui alikuwa anafukuzia nini. Nimeiweka, itafaa.

Jumanne, 4 Machi

Ugonjwa nimeugundua kabla ya chai. Rejeta imeziba. Nimeomba ruhusa kazini, nikasema nina mgonjwa nyumbani, na huo si uongo.

Kwanza nilizunguka mtaa mpaka mshale ukagusa nyekundu, nirudi na ugonjwa ukiwa bado moto. Nikafungua kifuniko cha rejeta kwa tambara, mguu mmoja nyuma, tayari kuruka. Maji hayakuruka. Nikachovya kidole. Hayakuniunguza. Nina ngozi ngumu, hilo nimerithi kwa Baba.

Dawa ilikuwa siki, chupa nzima ya mke wangu, na sabuni ya unga. Nikakoroga kwa ile fimbo, nikamimina, nikawasha injini. Povu likatoka. Likaendelea kutoka. Likapita uani, likapita chini ya lango, likaenda kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, ambaye alikuja suruali imekunjwa magotini kuuliza kama tumefungua biashara ya kufua na kama tunapokea mashuka.

Nimesuuza mchana kutwa. Kisha nikazunguka mtaa tena. Nilipofika kona ya duka la dawa mshale ulikuwa kwenye nyekundu, umetulia, kana kwamba haikutokea kitu. Mke wangu ameuliza siki yake iko wapi. Nimemwambia iko kwenye matumizi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekubali yaishe, nimempeleka Kifaru kwa Fundi Subiri. Jina amepewa na wateja. Alimsikiliza Kifaru huku amefumba macho, akatikisa kichwa kama daktari, akasema injini lazima ishushwe yote, nimwachie, nisubiri. Nikamuuliza mpaka lini. Akanionyesha kwa kidole gari lingine la aina hii pale nyuma ya karakana yake. Linasubiri. Kuku amelalia mayai kwenye kiti cha dereva.

Nimeondoka na gari langu.

Njiani nikapata akili. Themostati! Ni kile kidude kinachofungulia maji yapite injini ikipata moto. Kikigoma kufunguka, maji hayazunguki. Nimekifungua mwenyewe kwa spana ya Baba, nikakitia kwenye sufuria ya mke wangu, nikachemsha nione kama kitafunguka. Kwa kuwa mimi si mtu wa kukisia, nikatumbukiza na kipimajoto kupata digrii kamili. Kipimajoto tulichonacho ni cha kupimia homa. Kilipasuka kabla maji hayajaanza kutoa sauti.

Themostati ilifunguka vizuri sana. Ni nzima kuliko mimi. Sufuria imetupwa, na aliyeitupa aliitupa huku ananitazama.

Sikuirudisha hata hivyo. Nimeona maji yapite bila kizuizi. Kile kipande cha kuzibia pale kwenye kifuniko chake kilichanika nilipokuwa nafungua, kwa hiyo nimekata kingine kutoka kwenye boksi la viatu. Boksi gumu, la viatu vya ngozi. Limekaa vizuri utadhani limetoka kiwandani. Nimezunguka mtaa. Nyekundu.

Alhamisi, 6 Machi

Kiyoyozi amekuja. Eti alikuwa anapita. Mkononi ana utepe wa kupimia. Akampima Kifaru urefu, akampima upana, akauliza kama paa linatoka kirahisi. Akasema amewaza maua mekundu mbele na meupe kwenye viti. Mke wangu akasema meupe yatachafuka haraka. Huyo ni mke wangu mimi, wa ndoa.

Alipoondoka nikafanya kazi kwa hasira. Nikakata ile fimbo yenye alama vipande viwili, nikavichomeka chini ya boneti upande wa kioo, kushoto na kulia, ibaki wazi kidogo joto lipate pa kutokea. Halafu nikafungulia hita ya ndani yote, maana nimesikia inanyonya joto la injini. Nikamwomba mke wangu twende wote akashuhudie.

Mimi nilitoka jasho. Yeye aliweka miguu kwenye tundu la hita, akasema hewa ni ya uvuguvugu tu, hata nguo haikauki. Kisha akauliza mbona gari linalochemka kila siku halijawahi kutoa mvuke hata mara moja. Nikamweleza kwa upole kwamba kuna kuchemka kwa nje na kuna kuchemka kwa ndani, na kwa ndani ndiko kubaya. Hakubisha. Asipobisha naumia zaidi.

Mkuu wangu wa kazi ameniulizia mgonjwa. Nimesema hali ni ileile.

Ijumaa, 7 Machi

Maji yamenifika shingoni. Rejeta nimeosha, themostati nimetoa, mkanda wa feni nimekaza mpaka unalia. Mshale haujali. Nikiwasha tu na kukaa kidogo, huyoo, unapanda.

Mchana nilikwenda kukaa ndani ya Kifaru, mlango nimefunga kwa kamba, sina ninachofanya. Kiti bado kina bonde la Baba. Nilikumbuka safari zetu. Kiwiko nje ya dirisha, anaimba kwa puani, na kila tukisimama anashuka anapitisha kiganja juu ya boneti, polepole, halafu anatikisa kichwa kuridhika. Nikiwa mdogo nilidhani anambembeleza. Mtu huyu aliniacha na kitu kimoja tu alichokipenda, na mimi nimekiweka rehani kwa sababu ya mzaha wa mezani. Nikimwona Kifaru amejaa udongo nitakuwa nimemzika Baba mara ya pili. Nimelia kidogo. Muuza mkaa alipita akanisalimia, nikajifanya natafuta kitu chini.

Kisha mbinu ikaja. Asiyeuona mshale hajui kama umepanda. Nimechukua picha ndogo ya Baba, ile ya kitambulisho, nimeibandika juu ya mshale wa joto. Imeziba sawasawa. Wa mafuta nimeuacha wazi, Mama auone ulivyojaa.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa mama mdogo, kilimani.

Tuliondoka asubuhi. Mama mbele, dada nyuma kama shahidi, Kiyoyozi nyuma yetu na gari lake, vioo amefunga. Mke wangu alikataa kuja, alisema lile jiwe linamtosha. Mama aliiona picha ya Baba, akasema nimefanya la maana. Nilitaka ardhi inimeze.

Kilima kilipoanza nikajifanya nafuta vumbi, nikainua kona ya picha. Nyekundu! Nikairudisha haraka. Sikusimama. Kwa mara ya kwanza maishani niliona nyekundu nikakanyaga mafuta. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, nasubiri mlipuko. Hakuna kitu. Kifaru anavuta. Dada akaanza kusifu. Niliona paa la nyumba ya mama mdogo. Niliimba kwa puani, nikatoa kiwiko nje.

Hapo Kifaru akakohoa. Akakohoa tena, akanyamaza.

Kiyoyozi alishuka anatabasamu, akazunguka mbele kutafuta mvuke. Hakuna. Akafungua boneti, na vile vipande vya fimbo vikaanguka barabarani. Hakuna moshi, hakuna harufu. Tukabaki tunatazamana kama wajinga, yeye na mimi, kwa mara ya kwanza tukiwa sawa.

Mama alikuwa ameshuka. Aliokota vile vipande, akaviunganisha, akaniuliza nani ameikata fimbo ya baba yangu. Nikasema ni fimbo ya nini. Akasema ya kupimia mafuta. Unaitumbukiza kwenye tanki, unaitoa, unaangalia imelowa mpaka alama ipi. Ile mishale miwili iliharibika pamoja siku moja, mimi sijazaliwa bado, yote ikawa inapanda tu, wa joto na wa mafuta. Baba hakuitengeneza. Petroli aliipima kwa fimbo na injini aliipima kwa kiganja.

Akachovya kipande kimoja kwenye tanki. Kikatoka kikavu.

Nilisema kwa sauti ndogo kwamba mshale unaonyesha limejaa. Kiyoyozi alicheka mpaka akaegemea gari lake, na gari likaanza kupiga king'ora.

Alituvuta kwa kamba mpaka mlangoni. Nimekaa kwenye usukani wa gari la Baba, navutwa na Kiyoyozi, na mama mdogo amesimama barazani anapunga mkono akidhani ni maandamano.

Tukabishana. Kiyoyozi akasema ameshinda, nikasema Kifaru hajachemka. Mama akatoa hukumu: neno lilikuwa kuchemka na gari halikuchemka, lakini pia halikufika. Jumamosi ijayo tunakuja kumchukua mama mdogo akapimwe macho hospitalini. Safari hiyo ndiyo itakayoamua.

Mama amerudi mjini na gari la Kiyoyozi. Alijifunika shali kwa sababu ya baridi.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi umeme amemaliza kazi wakati mimi nafungua soda. Nyuma ya dashibodi kuna kiboksi kidogo kinachopeleka umeme kwenye mishale yote miwili. Kilikuwa kimekufa, kinaachia umeme mwingi kuliko unaotakiwa. Amebadilisha. Mshale wa mafuta ukaanguka kama mtu aliyezirai, ukalala kwenye sifuri, na kweli tanki lilikuwa na vitone tu. Nikahamishia picha ya Baba pembeni ya kioo, na wa joto ukaonekana umekaa katikati, mahali pa adabu.

Nimewaza sana. Muda wote huu mshale umenitazama machoni ukiniongopea, mimi, Bwana Gramu. Nimesimama juani bure. Nimepoteza siki, sufuria, kipimajoto na heshima. Fundi umeme amesema sasa naweza kuuamini. Nimemshukuru, lakini moyoni nimesema kamwe. Aliyeniongopea mara moja hanipati tena.

Mama ameniletea fimbo mpya, ameichonga mwenyewe. Akasema na kiganja nisisahau. Nimemwahidi.

Jumamosi, 15 Machi

Tanki lilijaa. Nilipima kwa fimbo mara kadhaa, mpaka muuza petroli akauliza kama kuna kitu nimedondosha. Kwenda kulikuwa kwa raha. Mama mdogo akapanda, tukaanza kurudi. Ile barabara kabla ya kushuka inapanda kwanza mgongo wa kilima, na hapo niliona mshale unanyanyuka.

Nilicheka. Nikawaeleza kina mama, huyu ndiye yule mwongo, mwangalieni anavyoanza. Ukafika nyekundu. Nikauambia sasa nakujua. Mama akasema nisimame aguse boneti. Nikasema nikisimama Kiyoyozi, aliyeko nyuma, atahesabu kuwa nimechemka. Akasema simama mwanangu. Nikasema Mama, tulia, mshale hauna habari yoyote.

Mama mdogo akasema anaona ukungu. Nikasema ndiyo, huku juu kuna ukungu. Akasema macho yake ni mabovu lakini ukungu huu unatoka ndani ya gari. Kisha ikaja sauti kama misumari inatikiswa ndani ya kopo, na baada ya hapo hakukuwa na sauti yoyote.

Mvuke ulitufunika wote. Kiyoyozi hakucheka, na hilo lilinitisha kuliko yote. Kile kipande cha boksi la viatu kilikuwa kimelowa, kimeoza, kimefunguka kama mdomo, na maji yote yalikuwa yamepita hapo tangu asubuhi. Injini imekaba. Haizunguki hata kwa kusukumwa.

Mama alishuka, akanyoosha kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka. Akakipuliza. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba baba yangu naye alikuwa hasikii la mtu, ila angalau mkono wake ulikuwa unasikia. Akaingia kwenye gari la Kiyoyozi bila shali.

Nilibandua picha ya Baba nikaitia mfukoni. Sikuweza kuitazama.

Jumapili, 6 Aprili

Sijaandika muda mrefu. Sikuwa na la kusema.

Kifaru yuko mbele ya nyumba ya wageni. Boneti hakuna, injini imefukiwa kwa udongo, maua mekundu mbele na meupe kwenye viti, na mke wangu alikuwa sahihi, meupe yameshachafuka. Napita hapo kila siku niendapo sokoni. Kuna njia nyingine. Siipiti.

Leo Kiyoyozi hakuwepo. Betri ameiacha, taa zinawaka kwa ajili ya wageni. Na ufunguo ameuacha mahali pake, kama pambo. Nikaingia, nikakaa juu ya maua, katika bonde la Baba. Nikafungulia umeme kidogo tu.

Mshale wa joto haukutikisika. Nilisubiri. Nikagonga kioo kwa kidole, nikatoa miwani ya Baba nikaangalia vizuri. Umelala chini kabisa, kwenye alama ya baridi, umetulia kama mtoto. Yule aliyekuwa akipanda kila siku ya Mungu! Hana hata dalili ya homa.

Limepona. Joto lote limekwisha. Ni ule udongo, lazima ni ule udongo umelinyonya, na hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kulifikiria hilo.

Nimerudi nyumbani mbio kumweleza mke wangu kwamba kesho asubuhi nakwenda kumdai Kiyoyozi gari langu. Ameuliza nimejuaje kama ni zima. Nikamwambia nimesoma kwenye mshale, na kifaa hakina sababu ya kuongopa. Amenyanyuka, amechukua chupa mpya ya siki, ameingia nayo chumbani akafunga mlango kwa ufunguo.